Mbao ya mjozi: mlango wa mbele au kasha?

SWALI: Mimi ni seremala wa Wete, Pemba. Mteja ameniletea mbao za walnati kutoka Marekani na anataka nimchongee mlango wa mbele. Wenzangu wananiambia ni laini mno. Je, zinafaa?

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wamepatia, ila sababu waliyoitoa siyo. Mjozi mweusi wa Marekani, ambao wengi tunauita walnati, ukishakauka huwa na uzito wa takriban kilo 610 kwa mita ya ujazo, na ugumu wake haupishani sana na wa msaji, yaani mtiki. Kwa kuchonga ni raha tupu: patasi hukata ua bila kumegua kingo, isipokuwa karibu na fundo, ambako nyuzi hujipinda na randa huchimba.

Tatizo ni kule nje. Msaji una mafuta yake ya asili na hauchezi sana. Mjozi huvimba na kunywea zaidi, na jua huipausha rangi yake ya kahawa, hata miimo na mfaa (ubao wa katikati ya mlango) uliouchonga kwa jasho uonekane umechujuka. Kiini chake hustahimili kuoza, lakini sehemu nyeupe ya pembeni ni chakula cha wadudu. Hapo uwe macho, kwa sababu viwanda vingi huzifukiza mbao kwa mvuke ili weupe ufanane na kiini. Chunguza kila ubao kwenye mwanga kabla ya kuulipia jasho lako.

Kwa hiyo mshauri mteja mlango uwe wa mvule au msaji, na mjozi umtengenezee kasha. Mbao hizo kwa kawaida hukaushwa hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8, nazo zikifika kwenye hewa yetu ya pwani hunywa maji upya. Zipange karakanani kwa wiki kadhaa, ukizitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite, ndipo ukate. Ukiharakisha, mfuniko utakwama masika ya kwanza.

Njumu, yaani misumari ya pambo la kasha, ziwe za shaba, kama walivyofanya wazee. Misumari ya chuma ikikutana na unyevu na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mjozi, huacha doa la buluu iliyokaribia weusi, ambalo msasa hauliondoi kwa urahisi. Na unapopiga msasa, funika pua na mdomo, kwani vumbi lake huwasha.