Maswali ya Wasomaji: Heliamu imezidi kwa 30

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Nimetumia fomyula ya hidrojeni, yaani 13.6 mara mraba wa namba ya atomi, kutafuta nishati ya heliamu. Kila elektroni imenipa −54.4 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), zote mbili −108.8. Kitabu kinasema −79.0. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kuzidisha kwako ni sahihi, ila umesahau kwamba elektroni hizo zinasukumana. Fomyula ya hidrojeni inajua kiini na elektroni moja tu. Hiyo 54.4 ni ya kweli, lakini ni gharama ya kung'oa elektroni ya pili baada ya ya kwanza kuondoka. Ya kwanza hung'oka kwa 24.6. Jumlisha, utaipata 79.0.

Ukiongeza msukumano bila kugusa umbo la mawimbi (fomyula zinazoeleza elektroni zimesambaaje kuzunguka kiini), unaongeza 5/4 × 2 × 13.6, yaani 34.0, na unafika −74.8. Sasa umepungukiwa, kwa sababu kila elektroni inaikinga nyingine isipate chaji yote ya kiini, na mawingu yao yanatanuka. Basi iache chaji inayoifikia kila elektroni iwe herufi k. Kwa kipimo cha 27.2 eV, nishati yote ni k² − 4k + (5/8)k. Thamani ya chini kabisa inapatikana k ikiwa 27/16, karibu 1.69. Zidisha kwa 27.2, jibu ni −77.5.

Pengo la 1.5 lililobaki halizibiki kwa kuchezea k. Hata njia ya Hartree na Fock, inayoipa kila elektroni wingu la wastani la nyingine, inakwama kwenye −77.9. Elektroni hazikwepi wastani. Zinakwepana papo kwa papo. Mwaka 1929 Egil Hylleraas, Mnorwe, aliuingiza umbali kati ya elektroni mbili ndani ya fomyula ya wimbi lenyewe, na kwa vipengele vichache tu akaikaribia kabisa −79.0. Hesabu hiyo ni nzuri mno, na inafaa kufanywa kwa mkono angalau mara moja.

Tahadhari kwa wanaotumia kompyuta: programu za Hartree na Fock huonyesha nishati ya obiti (wimbi la elektroni moja) ya heliamu kuwa −25.0. Usiidhanie ni nusu ya jumla. Kila elektroni imebeba msukumano mzima, kwa hiyo ukijumlisha mbili umeuhesabu mara mbili. Toa 27.9 mara moja: −50.0 − 27.9 = −77.9.

SWALI: Nimefanya lithiamu kwa njia hiyo ya kurekebisha chaji, elektroni zote tatu kwenye 1s (obiti ya chini kabisa), nikapata −230 eV. Ukweli ni −203.5. Si tuliambiwa njia hii haishuki chini ya ukweli?

JIBU: Haishuki, mradi wimbi linatii kanuni ya Pauli. 1s inabeba elektroni mbili tu, zenye spini (sifa ya elektroni yenye hali mbili) kinyume. Wewe umekokotoa atomi isiyokuwepo. Ipeleke ya tatu 2s, obiti inayofuata, na uipe chaji yake: kwa kanuni za Slater za kukadiria chaji iliyobaki baada ya kukingana, 2.70 kwa zile za 1s na 1.30 kwa hii. Hakikisha pia wimbi la 2s linakatiza sifuri karibu na kiini. Ukiliacha huru, kompyuta italiteremsha kimyakimya hadi 1s, na ile −230 itakurudia.