Mraba wa mfano kwanza: majibu ya barua zenu za kroshia

*Shikamoo mama. Mimi na wadogo zangu wawili tunamfumia mama yetu blanketi la kitanda cha tano kwa sita. Kila mmoja anafuma miraba kwake. Tulipokutana Pasaka tukaona haifanani: yangu ina sentimita 15, ya mdogo wetu wa mwisho inakaribia 17, na yote imelala upande mmoja. Uzi ni uleule na kroshia zetu zote ni za milimita 4. Tufumue? Mama Wawili, Makambako*

Marahaba mwanangu. Msifumue kwanza. Chukueni mraba mmoja wa kila mtu, muukalishe mezani, mhesabu mishono ya upande mmoja kutoka kona hadi kona. Kama hesabu ni sawa kwa wote watatu, kazi yenu ni salama, kwa sababu tofauti iko kwenye mkono tu. Kama hesabu si sawa, hapo kweli kuna mraba wa kufumua, maana miraba yenye hesabu tofauti haiungiki vizuri hata ikiwa na sentimita zilezile. Utavuta huku, itakunjamana kule.

Mkono wa mtu haubadiliki kwa kuambiwa "kaza" au "legeza". Atakaza mishono kumi, kisha atasahau. Kinachobadilishwa ni kroshia. Huyo mdogo wenu anayefuma kwa kulegea ashuke hadi milimita 3.5, na kama bado ni mkubwa, milimita 3. Afume mraba mmoja, aufue, aukaushe, ndipo aupime. Nasema aufue kwa sababu mraba uliotoka mikononi sasa hivi hausemi ukweli. Uzi bado umevutika. Laiti kila aliyeniandikia mwezi huu angeanza na mraba mmoja wa mfano, akaufua na kuupima kabla ya kununua uzi wote, nusu ya barua hizi zisingekuwapo.

Ile ya sentimita 17 iliyokwisha fumwa msiitupe. Fumueni duru ya mwisho tu, yaani mzunguko wa nje wa mishono. Kisha mtu mmoja kati yenu, mwenye mkono wa wastani, afume duru ya mwisho ya miraba yote, ya watu wote watatu, kwa kroshia moja, na yeye huyohuyo aunge. Duru ya nje ndiyo inayoshika umbo la mraba, kwa hiyo mkono mmoja ukipita nje, mikono mitatu iliyo ndani haionekani.

Kulala upande: mshono mrefu (ule wa kuzungusha uzi mara moja kwenye kroshia) haukai wima juu ya mwenzake, kichwa chake hukaa pembeni kidogo ya mguu. Ukifuma duru zote kwa upande mmoja wa kazi, ule upotofu unaongezeka duru kwa duru, na mraba unajipinda. Dawa ni kugeuza kazi kila unapoanza duru mpya, mbele iwe nyuma. Kwa ile iliyokwisha, duru ya mwisho ifumwe kwa upande wa nyuma, kisha muinyooshe: loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kamua kwa taulo bila kusokota, chora mraba wa sentimita 15 kwenye kadibodi, funika kadibodi hiyo kwa kipande cha khanga iliyokwisha chuja, laza mraba juu yake, bana kona nne kwa pini zisizoshika kutu, acha ikauke kivulini. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini kwa blanketi la mama ifanyeni.

Wakati wa kuunga, panga kwanza miraba yote sakafuni na uiache hapo hata siku nzima, watoto wapite, wewe upite, uone rangi zinavyokaa. Unga mistari yote ya kwenda upana, kisha yote ya kwenda urefu. Ukiunga mraba mmoja mmoja kwa kuzunguka, kona hazitakutana.

Na msione haya kwamba rangi nyingine ni za uzi uliobaki. Mraba huu wa mafungu ya mishono mitatu mitatu ulichapwa zamani katika gazeti la wakulima la Marekani, Prairie Farmer, mwaka 1885, na mpaka leo unapendwa kwa sababu hiyohiyo: kipande kifupi cha uzi kinapata kazi.

*Hujambo mama. Nimefuma waridi lenye petali sita na limetoka zuri sana. Lakini nikitaka kulizungushia mraba, kona hazikai, kila mara napata kitu chenye pande sita. Pia petali za nyuma zimefichwa na za mbele. Msomaji wa Limuru*

Sijambo, dada. Petali sita zinataka pande sita, hujakosea mkono. Ukitaka mraba, anza na petali nane, kwa sababu nane hugawanyika kwa nne.

Waridi la petali nane nalifuma hivi. Minyororo 5, funga duara. Minyororo 6, kisha *mshono mrefu ndani ya duara, minyororo 3*, rudia nyota hadi nyota mpaka upate vitanzi nane, funga kwenye mnyororo wa tatu wa ile 6. Ndani ya kila kitanzi fuma petali: mshono mfupi (usiozungushwa uzi), wa kati, mirefu mitatu, wa kati, mfupi. Sasa ndipo penye siri ya kuzinyanyua. Pindia petali mbele, na kwa nyuma fuma mshono mfupi kuzunguka shina la ule mshono mrefu wa mwanzo, kisha minyororo 5, hamia shina linalofuata, hadi vitanzi vinane vipya vikae nyuma ya petali. Ndani ya kila kimoja fuma petali kubwa zaidi: mfupi, wa kati, mirefu mitano, wa kati, mfupi. Petali zako za nyuma zimefichwa kwa sababu vitanzi vya nyuma ulivifanya na minyororo ileile ya vile vya mbele. Vya nyuma lazima viwe virefu kuliko vya mbele.

Kwa mraba, rudia vitanzi vya minyororo 5 nyuma ya petali kubwa, badilisha rangi, kisha kitanzi kimoja kiwe kona (mirefu mitatu, minyororo 3, mirefu mitatu) na kinachofuata kiwe ubavu (mirefu minne). Kona, ubavu, kona, ubavu. Baada ya hapo endelea kama mraba wowote.

Hayo ya petali sita uliyokwisha fuma yanaokoka. Weka vitanzi sita nyuma yake, kila kimoja ukijaze mishono mirefu sita. Unapata 36. Gawa kwa nne, kila kona inakaa baada ya mishono tisa. Hesabu hii unaweza kuitumia kwa ua lolote la duara, kwa sababu duara la mishono mirefu hulala vizuri likiongezeka 12 kila duru: 12, 24, 36. Ukiwa na pungufu ya hapo linajikunja kama bakuli. Ukizidisha, ukingo unafanya mawimbi.

Waridi hili la tabaka ninalipenda kuliko maua yote ya kroshia, na nikilishika namkumbuka aliyelitegemea kwa chakula. Njaa kuu ya viazi ilipoipiga Ireland katika miaka ya 1840, familia nyingi huko zilifuma lesi ya kroshia na kuiuza. Watu waligawana kazi: huyu anafuma waridi, yule majani, mwingine anaviunga kwa wavu. Tunachofanya sisi kwa miraba na maua ni jamaa wa karibu wa kazi hiyo.

*Mama, nimepiga pasi blanketi la uzi wa akriliki ili lilale vizuri. Limelala kweli, lakini limelegea na linang'aa, maua yamekuwa kama yamekanyagwa. Nifanyeje? Tanga*

Pole sana, mwanangu. Haitarudi. Akriliki ni aina ya plastiki, na moto wa pasi umeiyeyusha kidogo. Vitambaa vya makochi vya uzi wa pamba unavitia wanga na kuvipiga pasi upendavyo, ila akriliki inyooshwe kwa maji na pini. Kama sehemu iliyoharibika ni miraba michache, itoe na ufume mingine badala yake. Hiyo ni raha ya blanketi la vipande, linatibika.

*Shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume, nasoma chuo hapa Mwanza, nimejifunza kroshia kwa video. Nilifuata maelezo ya ua niliyoyapata kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, na limetoka dogo na gumu, halifanani na picha. Je, nimekosa nini? Na je, kwa mwanamume si vibaya?*

Marahaba. Nianze na la pili: uko Mwanza, nenda ufukweni uangalie wavuvi wanavyoshona nyavu zao, mafundo kwa maelfu, hakuna anayewauliza. Fuma.

La kwanza: naona maelezo yaliandikwa na Mmarekani, na video zako ni za Waingereza. Jina ambalo Wamarekani wanalitumia kwa mshono mrefu, wa kuzungusha uzi mara moja, Waingereza wanalitumia kwa mshono mfupi usiozungushwa kabisa. Ulipofuata jina, ulifuma mishono mifupi mahali pa mirefu, ua likabana. Tafuta maelezo yenye mchoro wa alama, hayo hayajali nchi. Kiduara kirefu kama yai ni mnyororo. Nukta ni mshono wa kutelezesha. Msalaba ni mshono mfupi. Herufi T tupu ni wa kati, T yenye kistari kimoja shingoni ni mrefu, na yenye vistari viwili ni mrefu zaidi: kwa mishono mirefu, hesabu ya vistari ni hesabu ya kuzungusha uzi. Ukizoea mchoro, utafuma ua la Mjapani bila kujua neno lake hata moja.

*Mjukuu wangu wa kwanza anatarajiwa mwezi ujao. Nifume miraba yenye waridi la kunyanyuka? Bibi Mtarajiwa, Lushoto*

Hongera sana, mwenzangu, na kwa baridi ya huko blanketi litafaa. Waridi la kunyanyuka usiweke. Mtoto anavuta, anatia mdomoni, na petali zinamsumbua akilalia. Fuma ua bapa lililofumwa ndani ya mraba wenyewe, si la kushonewa juu. Usishonee vifungo wala shanga. Mafungu ya mishono yasiwe na matundu makubwa, vidole vya mtoto hunasa. Kati ya fungu na fungu usiweke mnyororo, weka kwenye kona tu.

Miraba 49 ya sentimita 12, saba kwa saba, inakupa sentimita 84, na ukingo wa sentimita 3 kila upande unafikisha 90. Inatosha. Na tafadhali, mwisho wa uzi usiufunge fundo ukaukata. Acha mkia wa sentimita 15, uupitishe kwa sindano ndani ya mishono kwenda, kurudi, na kwenda tena. Akriliki inateleza, fundo hufunguka kwenye ndoo ya kufulia, na katikati ya ua ndipo panapoanza kufumuka.

*Shikamoo mama. Bosi wa mume wangu anataka blanketi la maua la kitanda cha tano kwa sita. Sijui ninunue uzi kiasi gani wala nimtajie bei gani. Naogopa kumkimbiza. Mafinga*

Marahaba. Mambo ya uzi hayana kubahatisha. Kitanda cha tano kwa sita ni sentimita 152 kwa 183. Kwa miraba ya sentimita 15, 13 upana na 14 urefu, unapata 195 kwa 210, na linaning'inia vizuri pande mbili na miguuni. Hiyo ni miraba 182. Fuma kumi, ipeleke kwa muuza duka mwenye mizani ya sukari, aipime. Tuseme ni gramu 180, basi mraba mmoja ni gramu 18, na yote 182 ni kama kilo 3 na robo. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kuunga na ukingo. Kwa mabunda ya gramu 100, nunua 37.

Nunua yote siku moja. Kwenye karatasi ya bunda kuna namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutiwa rangi; zote mbili zilingane. Nyeupe ya mwezi huu na nyeupe ya mwezi ujao zinaweza kuachana, na utaliona hilo blanketi likiwa limetandikwa juani. Duka likiwa na mabunda 30 tu, agiza kwingine, usianze.

Bei sasa, na hapa nasema kwa moyo wote kwa sababu wanawake wengi mnaniandikia mkiwa mmelia. Weka saa mbele yako ufume mraba mmoja. Kama unachukua dakika 25, miraba 182 ni saa 75 na zaidi, bila kuunga wala kuficha mikia. Huko Mafinga unajua kibarua wa siku moja analipwa kiasi gani. Gawa saa zako kwa saa nane, uone ni siku ngapi za kibarua, ongeza kuunga, ongeza uzi na nauli. Usishuke chini ya hapo. Watu hutaja bei ya uzi pamoja na "kidogo cha juu", halafu wanafanya kazi wiki mbili bure.

Bosi akisema ni ghali, mwambie ukweli bila kukasirika, kisha mpe dogo zaidi: la kutandika miguuni tu, miraba 13 kwa 4, kwa hesabu hiyohiyo. Akikubali kubwa, akulipe uzi wote kabla hujaanza, mwandike rangi alizochagua kwenye karatasi, na umkabidhi mraba mmoja uliofuliwa akae nao. Mwingine wa aina hiyohiyo ubaki nao wewe, mlinganishe siku ya kukabidhiana.