Shangazi, mke wangu haoni raha ya shambani

Shikamoo Shangazi. Miaka 3 iliyopita niliihamisha familia kutoka mjini, tukaenda kuishi kwenye shamba langu ili watoto wetu watatu wakue karibu na udongo, ndege na hewa safi. Tuna mbuzi, kuku, mizinga ya nyuki na miparachichi michanga. Mimi bado nafanya kazi mjini. Nafika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili jioni. Siku hizo napata amani ambayo sijawahi kuijua. Lakini mke wangu amenuna. Nikimwita tutazame jua likizama, anasema ana kazi. Sasa anataka kurudi mjini. Naona mji ulimharibu. Nifanye nini ayapende maisha haya?

Marahaba, mwanangu. Pole. Kufika nyumbani ukakuta uso umekunjwa si jambo dogo, na kutamani watoto wako waijue ardhi ni hamu njema. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye jembe. Pole yangu inaishia hapo.

Umeandika "niliihamisha familia". Hukuandika "tulihama". Tena watoto ni "wetu", shamba ni "langu". Sikuwa nimefika katikati ya barua nikawa nishaanza kumsikia mkeo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe unafika Ijumaa, unaondoka Jumapili, na kwa miaka 3 hiyo siku ya tatu hujaifikia. Kwa mkeo wewe ni mgeni. Unakuja kupumzika pale pale anapofanyia kazi.

Mbuzi hubeba mimba miezi 5, na hazai kwa kungoja Ijumaa. Akishikwa na uchungu Jumanne usiku wa manane, nani anashika taa? Nani anampangusa mtoto pua na kumsimamisha anyonye maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, maana akiyakosa saa za mwanzo huenda asiishi? Kuku ameatamia siku 21, vifaranga vimetoka, mwewe anazunguka juu: nani anakimbia? Magugu yakiachwa wiki chache za mwanzo, mazao yameshadumaa. Na hapo sijataja watoto watatu na madaftari yao. Aisifuye mvua imemnyea. Wewe unaisifu ukiwa barazani.

Mji haukumharibu mkeo. Amechoka. Mtu aliyechoka haoni machweo. Anaona giza linaingia na kuku hawajafungiwa.

Siku moja, nikiwa mdogo, mama yangu aling'oa shina la maharage akanionyesha vinundu kwenye mizizi. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi. "Hiki kinafanya kazi," akaniambia, "kinalisha udongo." Baadaye nilikuja kujua kwamba ndani ya vinundu vile mna bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Lakini ninachokumbuka zaidi ni baba, kwenye tuta la pili, ameinama na jembe lake, akimjibu mama bila kuinua kichwa. Hiyo amani unayoitafuta, mimi niliiona pale, katikati ya yale matuta mawili.

Ndoa nyingi za siku hizi zina ugonjwa huu: mmoja anaota, mwingine anaibeba ndoto. Kwako ni shamba; kwa wengine ni biashara, au nyumba inayojengwa miaka na miaka. Picha zinapigwa, watu wanasifu, na aliyebeba mzigo hayumo kwenye picha. Akilalamika, anaambiwa hana shukrani. Inaniuma, kwa sababu barua hizi nazipokea kila mara, na karibu zote zinaandikwa na yule aliyeota.

Chukua likizo yako ya mwaka, uimalizie shambani, Jumatatu hadi Jumatatu. Mkeo akitaka kwenda mjini siku hizo, aende kwa amani, watoto na mbuzi ubaki nao wewe. Pesa za asali na mayai zipite mkononi mwake. Na jina lake liingie kwenye hati ya shamba. Hata mparachichi wa kupandikizwa hukaa miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa. Nani atamwagilia kwa moyo mti ulio kwenye ardhi ya mwingine?

Ukishayafanya hayo yote na bado akasema mjini, basi rudini pamoja, shamba mliende likizo. Mke hapelekwi porini kwa nguvu halafu aitwe mkaidi.

Ijumaa hii ukifika, usimwite kutazama jua. Vua viatu vya kazini, muulize kuku wangapi bado wako nje, ukawafungie.