Maswali na Majibu: Bodi za Magari ya Kale ya Marekani

Swali: Nimenunua Chevrolet Bel Air ya 1957, nimeizunguka yote na sioni mfuniko wa tangi la mafuta. Uko wapi?

Jibu: Nyuma ya urembo wa kromu kwenye pezi la nyuma la kushoto, juu ya taa. Swali hili haliishi kuletwa, na kila mara huletwa na mtu aliyekwisha kulipa.

Swali: Mvua ikinyesha, zulia la mbele la Mustang yangu ya 1966 hulowa chapachapa. Fundi amebadilisha mpira wa kioo cha mbele, lakini maji bado yanaingia. Akimaliza hapo atachomelea buti.

Jibu: Mpira umeonewa bure. Chini ya kioo hicho Ford waliweka sanduku la mabati mawili yaliyochomelewa pamoja, la juu likiwa na matundu ya kuingiza hewa, na mvua ipitayo humo ilikusudiwa itokee pembeni. Majani yakiziba njia, uchafu hukaa na unyevu, kutu hula shina la mirija ya hewa, na maji hudondokea miguuni. Ng'oa zulia, mimina maji taratibu kwenye matundu, kisha mulika chini ya dashibodi uone yanakotoka. Dawa ni kulifungua sanduku na kuunga bati jipya, kazi ya gharama ambayo mafundi wengi huikwepa kwa kupaka silikoni. Ama kuhusu buti, sakafu yake katika gari hilo ni mgongo wa tangi la petroli lenyewe. Tangi litolewe kwanza, tena lipelekwe mbali na cheche.

Swali: Sumaku haishiki popote kwenye bodi ya Corvette yangu ya 1963. Nimeuziwa puti tupu?

Jibu: Hapana. Bodi za Corvette ni za faibaglasi, si bati, tangu 1953.

Swali: Nguzo iliyo katikati ya kioo cha nyuma cha Corvette hiyo hiyo inanizuia kuona. Niikate, niweke kioo kimoja cha 1964?

Jibu: Usiikate. Mhandisi Zora Arkus-Duntov aliilalamikia kabla yako, msanifu Bill Mitchell akaing'ang'ania, na mwaka uliofuata ikaondolewa. Wenye magari kadhaa waliikata wakati ule ili yaonekane mapya, na leo yanayosakwa ni yale yaliyobaki nayo. Anayetaka kuona nyuma na aongeze vioo vya pembeni.

Swali: Gari langu ni la bati, na paa limeanza kutu. Nibandike vinili, ile ngozi bandia, juu yake kabla ya kuuza?

Jibu: Maji yatapenya kwenye mishono yatulie chini yake, na bati litaoza kimyakimya, hasa kuzunguka kioo cha nyuma. Kwa kuwa unauza, hilo unalijua tayari, na atakayeniletea swali linalofuata ni huyo mnunuzi wako.