Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kamera Nyingi Katika Michezo ya Lamu

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kaunti ya Lamu, na karibu zote zinauliza namna ya kurekodi michezo kwa kamera zaidi ya moja na kuyatazama upya matukio yake. Tumechagua nne.

Mashua mbili, rekodi tatu

*Assalamu alaikum Mhariri. Mimi ni mwanakamati wa mbio za mashua hapa kisiwani. Katika mbio zilizopita mashua mbili ziliingia karibu sawa. Vijana watatu walikuwa wakirekodi kwa simu: mmoja gatini, wa pili juu ya paa, wa tatu ndani ya mashua ya waamuzi. Tulipozitazama rekodi hizo, tena tukajaribu kuzioanisha kwa mlio wa honi, kila moja ilitupa jibu lake. Sasa tunataka kuchangisha fedha tununue kamera nne zaidi. Je, ugomvi utakwisha? – Mwanakamati, Shela.*

Waalaikumu salaam, ndugu mwanakamati. Hata mkinunua kamera kumi, ugomvi hautakwisha ikiwa hakuna hata moja iliyosimama mahali pake, na mahali hapo ni pamoja tu: kwenye mstari wenyewe wa kumalizia. Kamera inayoutazama mstari kwa upande huiona mashua iliyo karibu na ile iliyo mbali kwa pembe tofauti, kwa hiyo chombo kilichotangulia kwa urefu wa mtu mzima huweza kuonekana kimeachwa nyuma. Hiyo ndiyo sababu ya vijana wenu watatu kuleta majibu tofauti ilhali kila mmoja alirekodi kwa uaminifu.

Ikiwa mstari wenu huanzia kwenye nguzo ya ufukweni na kuishia kwenye boya, isimamisheni kamera nyuma ya nguzo, juu ya miguu mitatu, hadi nguzo ilifunike boya kabisa ndani ya picha, kisha asiiguse mtu mpaka mbio zimalizike. Omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, itakayofika kwenye nguzo hiyo kwanza ndiyo iliyoshinda. Kamera ya pili iwekwe ncha ya upande wa pili wa mstari na kuelekezwa kwenye nguzo, kwa kuwa tanga la mashua ya karibu huweza kuificha omo ya mashua ya mbali. Hizo mbili zawatosha, na kamera yoyote ya ziada itakuwa ya kuwapendezesha watazamaji, jambo ambalo pia ni zuri, ila isiitwe ushahidi.

Liangalieni pia boya lenyewe. Boya lililofungwa kwa nanga moja na kamba ndefu huzungushwa na mkondo maji yakijaa na yakipwa, na likisogea, mstari nao umesogea. Lifungeni kwa nanga mbili, au afadhali zaidi, simikeni mti mahali penye kina kidogo. Kwa upande wa jua, mbio za alasiri zinawafaa: mji wa Lamu unatazamana na Manda upande wa mashariki, hivyo kamera iliyo upande wa mji huwa imelipa jua mgongo, ilhali asubuhi mng'ao wa maji hupiga moja kwa moja kwenye lenzi.

Tuje kwenye hesabu. Mashua inayokwenda mafundo manane hupita takriban mita 4 kwa sekunde. Kamera inayochukua fremu 25, yaani picha moja moja za video, kwa sekunde huiona ikiwa imesogea sentimita 16 kati ya fremu moja na inayofuata, na kwa fremu 50 ni sentimita 8. Tofauti ya washindani ikiwa ndogo kuliko hapo, rekodi huenda isiwe na jibu, na kamati itangaze sare bila kuona haya. Kwenye Olimpiki kazi hii hufanywa na kamera ya namna nyingine, ambayo hairekodi uwanja mzima bali ufa mwembamba wa mstari wa mwisho peke yake, tena na tena. Zile za kampuni ya saa ya Omega zilizotumika Paris mwaka 2024 ziliweza kuchukua hadi picha 40,000 kwa sekunde.

Kuhusu honi, hapo mlijiongezea utata. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyokuwa mita 170 mbali na honi iliupokea mlio nusu sekunde baadaye, na kwa nusu sekunde mashua zenu hupita mita mbili nzima. Rekodi za kamera zilizo mbalimbali zioanishwe kwa kitu kinachoonekana na zote kwa wakati mmoja, kama vile mwako wa taa au bendera inayoshushwa ghafla. Mitambo ya televisheni huepuka tatizo hili kwa kupelekea kamera zote mapigo ya saa moja, ili kila moja ianze fremu yake pamoja na nyenzake. Simu za kawaida hazina mfumo huo, na nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe mwanga unapopungua.

Kwa nini marudio yetu yanarukaruka?

*Mhariri, ninafundisha timu ya vijana. Ninaporudisha polepole video ya mechi, mpira unaruka kutoka hapa hadi pale na miguu ya wachezaji ni ukungu mtupu, lakini kwenye televisheni kila kitu ni laini. Tofauti iko wapi? – Kocha, Mpeketoni.*

Kocha, mwendo wa polepole hupatikana wakati wa kurekodi, na anayeutafuta baadaye kwa kupunguza kasi ya video huzirefushia tu muda fremu chache alizonazo. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa husafiri takriban mita 28 kwa sekunde, ambayo kwa fremu 25 ni zaidi ya mita moja kati ya picha moja na nyingine. Simu nyingi za sasa hurekodi fremu 120 kwa sekunde, na baadhi 240. Fremu 120 zikionyeshwa 25 kwa sekunde, tendo huwa la polepole karibu mara tano, nawe umeona kila hatua. Ukungu wa miguu ni suala la muda ambao kila fremu hupokea mwanga: uweke sehemu ya 1 kwa 500 ya sekunde au pungufu ya hapo, jambo rahisi kwa jua letu la saa tisa na gumu magharibi ikikaribia. Mkicheza chini ya taa, kumbuka kwamba umeme wa Kenya ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Fremu 50 hukubaliana nazo. 240 zitaonyesha kupepesa huko waziwazi.

Marudio yenyewe yana historia ya kuheshimiwa. Tarehe 7 Desemba 1963, katika mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya timu za Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini la Marekani huko Philadelphia, mwelekezaji Tony Verna wa televisheni ya CBS alirudisha bao papo hapo kwa mtambo wa kanda wenye uzito wa zaidi ya nusu tani, na mtangazaji ilimbidi awaeleze watazamaji kwamba hilo halikuwa bao jipya. Mwaka 1967 ikaja Ampex HS-100, iliyotumia diski na kuhifadhi sekunde 30 tu, lakini ikaweza kupunguza mwendo. Hivi leo seva, yaani kompyuta za kuhifadhi picha, kama zile za kampuni ya EVS ya Ubelgiji hurekodi kamera zote mfululizo bila kusimama, huku mwendeshaji akitia alama tukio na kulirusha hewani wakati kurekodi kunaendelea.

Mwamuzi aitwe kwenye simu?

*Je, ligi yetu ya mtaa inaweza kumruhusu mwamuzi aangalie video kabla ya kukubali bao? – Msomaji, Mkomani.*

Hapana, ndugu yangu, na ninakusihi msijaribu. Sheria za mpira wa miguu haziruhusu VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, itumike ila kwenye mashindano yaliyotimiza masharti na kupata kibali. Masharti hayo si ya bure: kwenye Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018 waamuzi wa video walikuwa na picha za kamera 33 za matangazo, na Qatar mwaka 2022 kamera 12 maalumu zilifunga macho kwenye nukta 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, huku kihisi ndani ya mpira kikituma taarifa mara 500. Simu moja iliyo nyuma ya goli itamtia mwamuzi mashaka zaidi ya kumsaidia, na vijana watakuwa wamekwisha kumzunguka. Rekodi zenu zitumieni baada ya mechi, kwa mafunzo ya wachezaji na ya waamuzi wenyewe.

Kurusha moja kwa moja

*Mimi na ndugu zangu tunataka kurusha mbio za punda na mechi za mpira mtandaoni kwa kamera tatu na kompyuta moja. Tuzingatie nini? – Binti wa Langoni.*

Binti yangu, hongereni. Kwa mpira, wekeni kamera zote upande mmoja wa uwanja, ili timu inayoshambulia kulia isionekane ghafla inashambulia kushoto. Programu ya bure ya OBS Studio hubadilisha kamera na pia huhifadhi sekunde za mwisho zilizopita, ambazo mnaweza kuzirudisha kama marudio. Kebo za HDMI, zile za kawaida za kuunganisha kamera au televisheni, huanza kusumbua zikizidi takriban mita 15. Kwa mbali tumieni kamera zenye SDI, muunganisho wa mitambo ya televisheni, ambayo kwa kebo nzuri hufika karibu mita 100. Upepo wa kusi hubeba chumvi, basi kila jioni futeni lenzi na viungio kwa kitambaa kikavu na laini. Na kila kamera iwe inarekodi pia kwenye kadi yake wakati matangazo yanaendelea, kwa kuwa intaneti ikikatika katikati ya mbio, kadi hizo ndizo zitakazokuwa na punda aliyeshinda.