Jibu: bega linauma kwa begi la kamera, je, ninunue la mgongoni lenye mikanda minene?

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Unabeba kamera ya Canon 5D Mark IV, lenzi ya milimita 24-70, ya 70-200 na flashi moja, kazi zako ni harusi na safari za kupiga ndege porini, begi la begani limekutesa mwaka mzima hadi usiku bega linawaka, na sasa unauliza ni begi gani la mgongoni lenye mikanda minene kuliko yote. Hapo kwenye "mikanda minene" ndipo ninapoomba tusimame kidogo, maana njia hiyo nimeipita mimi na ilinigharimu miaka miwili ya maumivu ambayo ningeweza kuyakwepa.

Nilianza na begi la begani kama lako, la mraba, lenye mkanda mmoja. Kila mkanda ulipoanza kuteleza nilikuwa nanyanyua bega kidogo lisidondoke. Sikujua kwamba huko kunyanyua ndiko kunakoumiza. Bega la binadamu ni mteremko, mkanda hauna pa kushika, kwa hiyo ule msuli unaotoka shingoni kuja begani unakaa umekaza saa sita, saa nane, na wewe akili iko kwenye picha. Siku moja nilikuwa kwenye mashindano ya riadha tangu asubuhi. Ilipofika jioni kidole cha mwisho na kile cha pete vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikuwa nazungusha pete ya zumu kwa kuitazama, si kwa kuihisi. Hapo niliogopa kwelikweli, kwa sababu mkono ndio kazi yangu.

Mtaalamu wa tiba ya viungo niliyemwendea aliniambia nirudi na begi lenyewe, lijae kama ninavyolibeba. Akaliweka kwenye mizani: kilo 9.4. Kisha akaniomba nitoe kila kitu juu ya kitanda chake na nimwonyeshe nilichokitumia katika kazi ile ya mwisho. Kulikuwa na lenzi moja sijaigusa miezi minne, chaja mbili, stendi ndogo, nyaya za vifaa ambavyo nilishaviuza. Karibu kilo tatu nilizokuwa nikizitembeza bure. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za begi mimi humuuliza kwanza ana kilo ngapi.

Basi tupige hesabu yako. Bodi yako, yaani kamera bila lenzi, ikiwa na betri na kadi ni gramu 890. Ile 24-70 f/2.8 (kipimo cha tundu la mwanga) toleo la pili ni gramu 805. Ile 70-200 f/2.8 toleo la pili ni gramu 1490. Flashi na betri zake tuseme nusu kilo na ushee. Hapo tumefika karibu kilo 3.7, na huo ndio mzigo unaokuletea picha. Sasa ongeza begi lenyewe, ambalo likiwa kubwa na lenye sponji nyingi linafika kilo mbili likiwa tupu. Ongeza kompyuta mpakato na chaja yake, kilo mbili nyingine. Chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja kamili. Stendi ya miguu mitatu, kilo moja na nusu hadi mbili. Unaona mwenyewe kwamba zaidi ya nusu ya mzigo si kamera. Ukinunua begi kubwa zaidi bila kupunguza hivyo vingine, nafasi itakayobaki utaijaza. Mimi niliijaza ndani ya wiki mbili.

Nakuja kwenye mikanda minene. Begi langu la pili lilikuwa la mgongoni, na nililichagua kwa kubonyeza mikanda dukani kwa vidole. Ilikuwa minene na laini kama mto. Baada ya miezi michache ile sponji laini ilikuwa imelala, imekuwa bapa, na kingo za kitambaa zinakata begani. Sponji nzuri ya mkanda ni ile inayokataa kidogo ukiibonyeza, kisha inarudi taratibu. Lakini hata ingekuwa sponji bora duniani, tatizo langu lisingekwisha, kwa sababu uzito wote ulikuwa bado unaning'inia mabegani. Mabega hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Nyonga ndizo zilizoumbwa kwa kazi hiyo: mfupa mpana, umekaa moja kwa moja juu ya miguu. Begi la starehe ni lile linaloshusha uzito mwingi hadi nyongani na kuiachia mikanda ya begani kazi ya kulizuia lisirudi nyuma.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea, mimi nikiwemo. Begi langu hilo la pili lilikuwa na mkanda wa kiunoni, tena mpana. Lakini nilipoufunga ulikuwa unakaa juu ya tumbo, karibu na mbavu, unanibana pumzi. Nikauona ni pambo, nikauacha unaning'inia. Kumbe begi lilikuwa fupi kwa mgongo wangu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, pima mgongo. Inamisha kichwa mbele, papasa nyuma ya shingo mpaka upate kile kifupa kilichotokeza kuliko vingine pale chini ya shingo. Hicho ndicho mwanzo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, viganja vimekaa juu ya ile mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba vyako ndio mwisho. Mtu mwingine apime kwa futi ya fundi cherehani, akifuata mkunjo wa uti wa mgongo. Mimi ni sentimita 49. Lile begi, kutoka mikanda ya begani ilipoanzia hadi katikati ya mkanda wa kiunoni, lilikuwa sentimita 42. Sentimita saba hizo ndizo zilizonipandishia mkanda tumboni. Urefu wa mtu hauambii kitu hapa. Rafiki yangu ananizidi kwa kimo, lakini urefu wake uko miguuni, na mgongo wake ni mfupi kuliko wangu.

Mabegi mengi ya kamera yanatengenezwa saizi moja tu, na sijawahi kuelewa kwa nini tunalivumilia jambo hilo. Yapo yanayokuruhusu kupandisha na kushusha mikanda ya begani; kampuni ya Shimoda ni mfano. Njia nyingine, ambayo ndiyo ninayoitumia sasa, ni kununua begi la wapanda milima la saizi ya mgongo wako, kisha ndani yake unaweka kisanduku cha sponji chenye vigawanyo vya velkro kwa ajili ya kamera. Watengenezaji wa mabegi ya milima wamehangaika na migongo ya watu kwa muda mrefu kuliko wale wa mabegi ya kamera, na utalihisi hilo siku ya kwanza. Kwa dada zetu wanaosoma hapa, mabegi hayo yana pia matoleo yenye mikanda ya begani iliyopinda kupisha kifua na mkanda wa nyonga uliokatwa kwa umbo la mwanamke. Mwenzangu wa kazi aliteseka na mikanda iliyonyooka hadi alipobadilisha.

Ukilijaribu, lijaribu likiwa na vifaa vyako. Begi tupu halimuumizi mtu. Legeza kila kitu kwanza. Livae, kisha funga mkanda wa nyonga kabla ya vingine vyote, katikati ya mkanda ikae juu ya ule mfupa, kaza. Ndipo uvute mikanda ya begani hadi iguse mwili bila kunyanyua uzito. Kama begi lina vile vikanda vidogo vya juu, vinavyotoka begani kwenda kilele cha begi, vivute hadi vilale mshazari, karibu nyuzi 45. Mkanda wa kifua uwe wa mwisho na usiukaze sana. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza na begi linalonitosha, nilihisi mabega yanapanda yenyewe, kama mtu aliyekuwa ameniegemea ameondoka. Sasa tembea nusu saa, panda ngazi, chuchumaa kama unavyochuchumaa ukipiga picha ya mtoto. Kama unaweza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa begani bila kulazimisha, nyonga zinabeba. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu hivyo, mshukuru uondoke.

Upangaji nao unachangia kuliko watu wanavyodhani. Kitu kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mgongo, si chini kabisa na si upande mmoja. Ile 70-200 isimame katikati. Kilo moja na nusu ikikaa mbali na mgongo inakuvuta nyuma, nawe unajibu kwa kuinama mbele, na jioni kiuno ndicho kinacholalamika. Stendi ikifungwa pembeni, chupa ya maji iende upande wa pili ili isawazishe.

Sasa harusi, maana hapo begi la mgongoni peke yake litakuudhi. Huwezi kulivua kila dakika kumi kubadili lenzi huku bi harusi anaingia. Begi la begani lina sifa yake na tusilidharau. Lile maarufu la Domke F-2 lilibuniwa miaka ya 1970 na Jim Domke, mpigapicha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, na kulifanya laini, la turubai, lisilo na sponji nene, lilale ubavuni na mkono uingie haraka. Ni begi la mtu anayefanya kazi akiwa amesimama. Sisi tumeligeuza kuwa begi la kuhamia nyumba, kisha tunalilaumu.

Ninachofanya mimi: begi la mgongoni linafikisha kila kitu ukumbini na kubaki mahali salama panapofungwa. Ninapofanya kazi nina kibegi kidogo cha kukatisha kifua chenye lenzi moja, betri mbili na kadi, basi. Kamera iko mkononi. Kibegi hicho hakivuki kilo mbili, na kila saa nakihamishia bega la pili. Kwa uzoefu wangu, ukivuka kilo tatu kwenye mkanda mmoja umeanza kujitafutia lile ganzi la vidole. Porini ni kinyume: huko unatembea zaidi ya unavyobadili lenzi, kwa hiyo begi la mgongoni linatawala. Chagua linalofunguka upande wa mgongoni. Unalizungusha mbele likiwa bado limeshikwa na mkanda wa nyonga, unatoa lenzi bila kulilaza kwenye tope, na kwenye msongamano wa watu hakuna anayeweza kukufungulia zipu nyuma yako.

Kuhusu zipu, nina kovu moja. Nililiacha begi wazi kidogo kwa haraka, nikalinyanyua kwa mshikio wa juu, mlango ukafunguka wote na lenzi ya milimita 85 ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Nakumbuka sauti ya kioo cha mbele kuliko ninavyokumbuka picha za siku ile. Tangu hapo, ama zipu imefungwa hadi mwisho, ama iko wazi kabisa niione. Angalia pia zipu zenyewe ziwe imara, ziteleze hata kwenye kona. Natafuta herufi YKK, jina la mtengenezaji wa zipu.

Mvua: usiamini neno "haipitishi maji" kwenye lebo, maji huingilia kwenye mishono na zipu. Begi liwe na kifuniko chake cha mvua. Na likilowa, toa kamera zote, zisilale humo, kwa sababu unyevu ndio unaozaa ukungu ndani ya lenzi. Rangi, chagua unayoipenda.

Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu lazima ziwe nawe ndani, si kwenye mizigo ya chini. Zako ni wati-saa (Wh, kipimo cha nishati ya betri) 14 kila moja, mbali kabisa na kikomo cha 100, kwa hiyo hakuna wa kukuzuia. Ziweke zote kwenye kipochi kimoja, ili hata wakikulazimisha mlangoni kulishusha begi chini, unachomoa kipochi kwa sekunde moja.

Kwa leo fanya mawili tu, mkuu. Lipime begi ulilonalo likiwa limejaa kama siku ya kazi, na umwombe mtu wa nyumbani akupime mgongo. Uniletee kilo na sentimita, tutajua kama unahitaji begi jipya au mkanda wa nyonga wenye mfuko wa lenzi utakutosha. Na kama ganzi imeshafika vidoleni, usisubiri begi, nenda ukaonane na mtaalamu wiki hii.