Kilomita 21 kwenye baridi ya Julai: kiatu, nguo na mwendo kwa anayeanza

Kila mwaka mvua ndefu zikishaisha, vikundi vya kukimbia vya Nairobi hupata wageni. Wengi wamejiandikisha kwa nusu marathoni ya Juni au Julai kwa kuwa mwenzao wa kazini amewaambia baridi inafaa mbio. Hakudanganya. Asubuhi yenye nyuzi 12 na mawingu ni afadhali mara nyingi kuliko jua la Februari. Ila swali la kwanza la mgeni huwa ni "ninunue kiatu gani?" na jibu analopewa huwa ni jina la kiatu alichovaa bingwa fulani kwenye televisheni.

Mimi huwaambia hivi: kiatu cha nusu marathoni kichagulie kilomita tano za mwisho. Dukani kila kiatu ni kizuri, na mpaka kilomita ya nane hata raba za kuendea sokoni hazilalamiki. Ukifika kilomita ya 16, unyayo umevimba, kifundo kimechoka kujishikilia, na mwendo si ule ulioanza nao. Hapo ndipo utajua ulinunua nini.

Tuanze na hivi viatu vya kaboni, maana ndivyo vinavyokula pesa za watu. Vilianza kuvuma mwaka wa 2017 Nike ilipotoa Vaporfly: sponji nene, nyepesi, na bamba gumu la kaboni katikati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipima kiatu cha majaribio cha aina hiyo wakaona kinapunguza nishati anayotumia mkimbiaji kwa wastani wa asilimia 4. Muuzaji atakutajia hiyo 4. Hatakutajia kwamba waliopimwa walikuwa wanaume wenye kasi, wakikimbia kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Kilomita 14 kwa saa ni kumaliza nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 30 hivi. Anayelenga saa 2 na robo anakwenda kilomita 9 na kitu kwa saa. Sisemi kiatu hicho hakitakufaa kitu. Nasema faida iliyopimwa kwa wale usijihesabie kuwa ni yako, halafu soli nene na laini huyumba unapokata kona kwa mwendo wa pole, na kifundo kilichochoka ndicho kinacholipa.

Mwaka wa 2023 Tigist Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:11:53 akiwa amevaa Adidas ya gramu 138 kwa mguu mmoja. Kiatu hicho kilitengenezwa kwa mbio moja tu na mazoezi machache ya kukizoea. Kwake ni kifaa cha kazi. Kwako wewe mwenye mbio mbili kwa mwaka na kodi ya nyumba, tafuta kiatu cha kawaida chepesi, cha gramu 220 hadi 270, chenye sponji ya kutosha na kisigino kipana. Hicho kitafanya mazoezi, kitakimbia siku ya mbio, na kitaendelea. Viatu vingi vya mazoezi hudumu kilomita 500 hadi 800 hivi kabla sponji haijafa. Na usisahau kwamba kuna viatu vya Kenya: kampuni ya Enda ilianza na kiatu ilichokiita Iten, na hakuna aibu kukimbilia cha nyumbani.

Jambo la pili ni barabara yenyewe. Soma ramani ya mbio kabla ya kusoma bei. Mbio za Lewa, ambazo hufanyika kila Juni, ni za barabara ya changarawe (murram) na vilima ndani ya hifadhi ya wanyama. Ukienda huko na soli laini isiyo na mpira chini, mawe yatakuhesabu vidole. Mbio za mjini ni lami, na lami ya Julai mara nyingi ina unyevu wa rasharasha ya usiku. Geuza kiatu utazame chini. Viatu vingi vya mashindano vimeachwa sponji tupu sehemu kubwa ili viwe vyepesi, na sponji tupu juu ya rangi ya kivuko, kifuniko cha mtaro au kile chuma cha maungio ya daraja huteleza vibaya. Unataka mpira chini ya kidole gumba na kwenye ukingo wa nje wa kisigino. Mazoezi ya msitu wa Karura, hapa Nairobi, nayo ni udongo mwekundu, na ukilowa huganda kwenye soli mpaka miguu inakuwa mizito. Kwa hiyo usikitumie kiatu chako cha mbio kila Jumamosi msituni.

Sasa Gikomba na Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi. Najua wengi wetu tutaishia huko, na viatu vizuri vipo, hata kamera kabisa, yaani mtumba wa daraja la kwanza. Lakini kiatu cha mbio cha mtumba kina hila yake: juu husafishwa kikang'aa na kuwekwa kamba mpya, ila sponji haifuliwi ikarudi kuwa mpya. Bonyeza soli kwa kidole gumba pale kisiginoni. Ikiwa ngumu kama ubao, au ikizama na isirudi, rudisha. Tazama ubavuni: mikunjo mingi midogo iliyolala pamoja ni dalili kwamba sponji imechoka. Weka viatu vyote viwili juu ya meza na uvitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa akikanyaga hivyo, na wewe utafuata kanyagio lake. Toa soli ya ndani uone kama gundi imeachia. Hakikisha kushoto na kulia ni namba moja, maana huwa vinachanganyika. Kisha mwombe muuzaji akuruhusu upige hatua kadhaa mbele ya kibanda. Akikataa, vibanda ni vingi.

Fundi wa mtaani akikushauri aishone soli pembeni ili isibanduke, mkubalie kwa raba za kazini tu. Kwa kiatu cha mbio, uzi uliovutwa hukaza ukingo wa sponji na kukuchubua.

Kujaribu kiatu, nenda jioni, unyayo ukiwa umevimba kwa shughuli za siku, na uvae soksi zilezile utakazokimbia nazo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Wageni wengi hununua kiatu cha kubana wakidhani kubana ni kasi, kisha wanapoteza kucha kwenye mteremko. Kisigino kikipwaya, usishuke namba. Pitisha kamba kwenye yale matundu mawili ya juu kabisa ambayo watu huyaacha wazi, uifunge hapo. Kiatu kikishapita mtihani huo, kikimbie mara moja katika mazoezi marefu, ya kilomita 16 au 18, na mara moja kwa mwendo wa mbio. Asubuhi ya mbio si siku ya kufungua boksi.

Nguo sasa. Watu wa Nairobi tunaogopa baridi kuliko inavyostahili. Saa kumi na mbili asubuhi, ukisubiri, utatetemeka. Dakika 15 baada ya kuanza utataka kuvua kila kitu. Vaa kana kwamba kuna joto la nyuzi kumi zaidi ya lililopo: fulana nyepesi isiyo ya pamba, kaptura, na glovu za bei nafuu ukipenda. Juu yake vaa sweta la mtumba usilolionea uchungu, ulivue dakika ya mwisho. Pamba ikilowa jasho na rasharasha huwa nzito na huchubua. Paka Arimis au mafuta mengine ya mgando kwapani, katikati ya mapaja, na kwenye chuchu, hasa wanaume. Anayecheka ushauri huu hajawahi kuoga maji moto akiwa amechubuka. Mwenye pumu akimbie na dawa yake ya kuvuta mfukoni, kwa sababu hewa baridi hubana kifua.

Kuhusu mwendo sitasema mengi. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyetoka Mombasa juzi asilete saa zake za Mombasa hapa. Misuli baridi haipendi haraka: tembea kwa kasi na kukimbia polepole dakika kumi kabla ya kuanza, halafu kilomita tatu za kwanza nenda taratibu kuliko unavyotamani. Utapitwa na watu. Waache, wengi utawakuta mbele, wakitembea. Kunywa maji hata kama huna kiu, kwa sababu baridi huficha kiu. Kula kile ulichozoea, saa mbili au tatu kabla: uji, mkate, ndizi na chai. Githeri iache ya mchana.

Ukimaliza, usisimame kupiga picha na fulana iliyolowa. Badilisha kwanza, vaa kitu kikavu, ndipo upige picha. Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, vijaze magazeti na uyabadilishe baada ya saa chache. Usiviweke karibu na jiko. Joto huachisha gundi na kuharibu sponji. Julai hapa vinaweza kuchukua siku mbili kukauka, na ndiyo maana jozi ya pili, hata iwe ya zamani, ni ya lazima kwa anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki.